HUNA MPIRA? BASI PISHA NJIA!

Wiki iliyopita tuliwachambua wanaume wanaoazima suti ya harusi wakasahau kuirudisha, na ujumbe wenu nimeupata, mpaka wa yule aliyeniapiza. Wiki hii naomba tuyaweke pembeni mambo ya mapenzi, tuingie uwanjani. Na wewe unayetaka kuruka ukurasa huu ukasome nyota zako, subiri kwanza, maana humu kuna ugomvi, kuna machozi, na kuna dada wa watu ameambiwa arudi jikoni akapike.

Mchezo wenyewe unaitwa softiboli. Ni mdogo wake besiboli: mpira una mzingo wa kama sentimeta 30, unarushwa kwa mkono wa chini, na anayeupiga anashika gongo. Gongo la mbao au la chuma, jamani, siyo lile la kwenye kidumu, wazee wa Keko mtulie. Ukishapiga unatimua mbio kupita beisi tatu, ukirudi nyumbani ulikoanzia umepata pointi moja. Jina linasema mpira ni laini, lakini ngoja ukupate wa mbavu ndipo utajua aliyelitoa hilo jina alikuwa na utani. Ulianza Chicago mwaka 1887, ndani ya ukumbi wa klabu ya wapiga makasia, pale kijana mmoja alipomrushia mwenzake glovu ya ngumi na mwenzake akaipiga na fimbo. Kutoka kwenye masihara hayo umefika Olimpiki, na fainali ya Tokyo iliyochezwa Julai 2021 Wajapani waliwafunga Wamarekani 2-0. Hapa kwetu una chama chake, TaBSA, pamoja na besiboli, na pale Azania Sekondari, Upanga, Wajapani wamesaidia kujenga uwanja wa besiboli.

Huku kwetu Chang'ombe uwanja wa namna hiyo hatuna. Tuna kiwanja cha vumbi, upande ambao ukiinua macho unaliona paa la Uwanja wa Mkapa. Beisi ni viroba vya unga vilivyojazwa mchanga. Mistari ni ya majivu, inafutika kila bajaji inapokatiza. Lakini mabinti wanacheza bwana, tena wanacheza kweli, na Jumamosi watu wanajaa kuliko kwenye mechi za mchangani za kaka zao.

Basi Jumamosi moja zikakutana timu mbili za shule, nisiwataje kwa majina wasije wakanifuata nyumbani. Kipindi cha saba, ambacho ndicho cha mwisho, ubao unasoma 6-6. Binti wa timu ya wageni wetu yuko beisi ya pili. (Wageni ndio walikuwa wanapiga mwisho, waliopanga hivyo wanajua wenyewe.) Mwenzake akapiga mpira ukaenda mbali, ukamfikia mlinzi wa nyuma. Yule wa beisi ya pili akachomoka kama amefukuzwa na mbwa, akakata kona ya tatu, huyo anakuja nyumbani.

Sasa mdakaji wetu, msichana wa miraba minne kweli kweli, alikuwa amesimama wapi? Juu ya mstari, mguu mmoja mbele ya beisi, mwingine nyuma, kama mlango wa geti. Mpira bado uko hewani huko mbali. Mkimbiaji alipomwona akapunguza mwendo, akakwepa kwa nje, akayumba, akaenda chini. Kufumba na kufumbua mpira ukatua kwenye glovu, mdakaji akainama akamgusa mwenzake akiwa bado anatambaa. Auti! Kiwanja kizima kikalipuka. Akina mama wakapiga vigelegele, muuza mihogo akaacha karai lake.

Mwamuzi alikuwa dada mmoja anayesomea ualimu, wachezaji wanamwita madam. Madam hakusema auti. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umenyooka pembeni, ngumi imefungwa, tangu mkimbiaji alipoanza kukwepa. Akasubiri mchezo uishe, akatangaza kwamba njia ilizibwa, mkimbiaji anapewa nyumbani, pointi imehesabiwa. 7-6, kwaherini.

Hapo ndipo songombingo lilipoanza. Kocha wetu akavua kofia akaitupa chini. "Madam, hawajagusana hata! Wamegusana wapi?" Mzee mmoja wa kijiwe cha kahawa, ambaye mchezo huu ameujua mwezi uliopita, akawa anapiga kelele kwamba kugusa ni kugusa. Vijana wa bodaboda wakaingia na lugha zao. Na ndipo jamaa mmoja, mtu mzima na ndevu zake, akamwambia yule dada arudi jikoni.

Tutulie kidogo, wapenzi, tuichambue kesi hii.

Tatizo letu Watanzania ni moja, kila mchezo tunautazama kwa macho ya kabumbu. Kwenye kabumbu beki anayemkinga mshambuliaji kwa mwili ili kipa auwahi mpira tunamwita mjanja, tunampigia makofi. Softiboli haina ujanja huo. Njia kati ya beisi na beisi ni ya mkimbiaji. Mlinzi anaruhusiwa kumzuia kwa mambo mawili tu: awe ameshika mpira mkononi, au awe anaudaka mpira uliotoka moja kwa moja kwenye gongo la mpigaji. Nje ya hapo apishe. Zamani sheria nyingi zilimhurumia mlinzi aliyekuwa karibu kupokea mpira unaorushwa na mwenzake. Siku hizi softiboli imekaza, "karibu kupokea" haihesabiwi, mpira uwe umeshafika. Ni kama wale wanaorusha mkoba dirishani kwenye daladala la jioni kuwekea siti. Kwenye daladala unaweza kufanikiwa kama una mdomo, kwenye softiboli huwezi kuwekea njia kwa mpira ambao bado uko safarini.

Na kugusana si sharti. Hilo ndilo lililomshinda kocha wetu. Mkimbiaji akipunguza mwendo, akikwepa, akizunguka, ameshazuiwa, hata kama unyoya haukuguswa. Hata mlinzi akijifanya ana mpira, akainama kama anamgusa mwenzake na glovu tupu ili ajitupe chini bure, hiyo nayo ni kuziba njia. Wala mwamuzi haulizwi kama mlinzi alikusudia. Mdakaji wetu ni mtoto mwenye adabu zake, hakuwa na nia mbaya, alisimama tu pale alipoona pamekaa vizuri. Haimsaidii.

Walionishangaza zaidi ni wale waliopiga kelele kwamba madam alipaswa kusimamisha mchezo palepale kama kweli ameona kosa. Hawa ni watu wa netiboli. Netiboli wanaijua, haki yao. Kule mlinzi anayemkabili mwenye mpira lazima akae futi 3, yaani sentimeta 90, toka mguu wa mwenzake uliotua. Akisogea ndani ya hapo filimbi inalia, na anasimamishwa pembeni ya mrushaji kama mtoto aliyechelewa mstarini, haruhusiwi kucheza mpaka mpira utoke. Softiboli filimbi hakuna. Mwamuzi ananyoosha mkono wa kushoto, anaacha mambo yaendelee mpaka yaishe, kisha anapiga hesabu kichwani: huyu asingezuiwa, angefika wapi? Anampa beisi hiyo. Kama mwenyewe amefika alikotakiwa kufika, mkono unashushwa, maisha yanaendelea. Usipoujua mkono ule unamwona mwamuzi kama anasimamisha daladala.

Hapo nina neno langu kwa madam, na nimemwambia uso kwa uso. Mkono peke yake hautoshi kwenye kiwanja chenye watu mia wasiojua sheria. Angepaza sauti "Kizuizi!" palepale, hata muuza mihogo angejua kuna jambo. Yeye alikuwa kimya, na ukimya wake ulifanya uamuzi uonekane kama umetungwa baada ya auti.

Lakini nanyi mabinti msije mkasoma hapa mkaanza kupasua njia kama malori ya mchanga. Sheria ina upande wa pili. Mlinzi akiwa anauwania mpira uliopigwa na gongo, hapo yeye ndiye mwenye njia, mkimbiaji anamzunguka. Akimvaa au akimbughudhi, mkimbiaji ni auti na mchezo unasimama mara moja. Na ngoja niwakumbushe mashabiki wetu jambo mlilolisahau kwa makusudi: kipindi cha nne siku ileile, mkimbiaji wa wageni alimparamia mlinzi wetu wa beisi ya pili aliyekuwa ameinamia mpira wa chini, madam akampa auti bila kusita. Mlishangilia mpaka mkapandiana mabegani! Siku hiyo jikoni hapakuwepo? Vilevile mlinzi akiwa na mpira tayari anamngoja mkimbiaji, halafu mkimbiaji akaja wima akamgonga badala ya kuteleza chini au kukwepa, huyo ni auti, na akikusudia kuumiza anatolewa nje kabisa.

Ukiangalia vizuri, nusu ya sheria za mchezo huu zinauliza mlinzi amesimama wapi. Mpira unaporushwa walinzi wote, ukimwacha mdakaji aliye kwenye boksi lake, wawe ndani ya mistari. Mlinzi hatakiwi kujipanga kwenye mstari wa macho ya mpigaji na kumfanyia vituko. Besiboli ya kulipwa ya Marekani imefika mbali zaidi, tangu mwaka 2023 wanalazimisha walinzi wawili wakae kila upande wa beisi ya pili, wasirundikane upande mmoja. Kinachonifurahisha mimi ni beisi ya kwanza ya softiboli kwenye viwanja vilivyokamilika. Ni pacha! Nusu nyeupe ni ya mlinzi, nusu ya rangi ya chungwa ni ya mkimbiaji, kila mtu na mguu wake, wasikanyagane. Sisi tuna kiroba kimoja cha unga, kila mtu anakitaka.

Labda mtu atasema, we mwandishi, unakuza mambo, pointi moja tu ya mchezo wa watoto. Nikuambie kwa nini sikuzi. Mwaka jana kwenye kiwanja kingine, si hiki, alisimamia jamaa mmoja aliyejua kabumbu peke yake. Mabinti wakaziba njia kuanzia kipindi cha kwanza, yeye anachekelea, anasema ndiyo ukakamavu. Kipindi cha tano binti wa jirani yetu, alikuwa kidato cha nne, akaja nyumbani mbio zote, mdakaji kakaa juu ya mstari bila mpira. Wakavaana. Mlio ule niliusikia kutoka kwenye gogo nililokalia. Tulimkanda na barafu za ukwaju zilizonunuliwa dukani, maana huduma ya kwanza ilikuwa hiyo, kisha akapakiwa kwenye bajaji. Mfupa wa bega ulikuwa umevunjika, bega la kulia. Mtihani wa moko ukamkuta mkono uko shingoni, kalamu hawezi kushika. Baba yake mpaka leo akisikia neno softiboli anaondoka barazani. Siku ile hakuna aliyetukanwa, mwamuzi alikunywa soda yake akaenda zake.

Hata wakubwa wamejifunza kwa maumivu. Mei 2011 mdakaji wa San Francisco Giants, Buster Posey, aligongwa nyumbani na mkimbiaji Scott Cousins wa Florida Marlins, mguu ukavunjika, msimu wake ukaishia hapo. Mwaka 2014 ligi ile ikaweka sheria ya kuzuia migongano nyumbani: mkimbiaji asitoke njiani kumfuata mdakaji, na mdakaji asiye na mpira asizibe njia.

Sasa kwa wale wanaosema kwamba mechi haiwezi kuamuliwa na kizuizi, kwamba hayo ni ya Chang'ombe tu. Shikeni viti. Tarehe 26 Oktoba 2013, fainali za besiboli za Marekani, mechi ya tatu, St. Louis Cardinals na Boston Red Sox, 4-4, kipindi cha tisa, cha mwisho. Mdakaji wa Boston akarusha mpira beisi ya tatu kumwahi mkimbiaji Allen Craig. Mpira ukapotea, ukapita zake. Mlinzi wa tatu, Will Middlebrooks, aliruka kuudaka akaishia kifudifudi chini. Craig akainuka aende nyumbani, akajikwaa kwenye mwili wa yule aliyelala, akaanguka, akanyanyuka akikimbia kwa kuchechemea. Mpira ukamtangulia nyumbani, akaguswa. Lakini mwamuzi wa beisi ya tatu alikuwa ameshaonyesha kizuizi, na mwenzake wa nyumbani akatangaza salama. 5-4, mechi imekwisha. Boston walipagawa, walisema mlinzi aliyelala chini angeyeyukia wapi? Jibu likawa lilelile, kukusudia hakuulizwi, mpira ulishampita, mwili wake ulikuwa njiani. (Na Boston walitwaa ubingwa huohuo mechi 4 kwa 2, kwa hiyo hakuna aliyekufa.)

Yule mwamuzi wa beisi ya tatu anaitwa Jim Joyce, na habari yake ndiyo niliyompelekea madam. Miaka mitatu kabla, tarehe 2 Juni 2010, mrushaji wa Detroit, Armando Galarraga, alikuwa amewatoa wapigaji 26 mfululizo bila hata mmoja kufika beisi. Akibakiza mmoja tu, aingie kwenye historia. Wa 27 akapiga, akakimbia beisi ya kwanza, kila mtu akaona auti. Joyce akasema salama. Picha za marudio zikaonyesha amekosea. Yule mzee alipoziona alilia, akamwomba Galarraga radhi, akakiri mbele ya waandishi kwamba amemharibia kijana wa watu. Kesho yake alipangiwa kusimama nyumbani, na aliyemletea karatasi ya majina ya wachezaji alikuwa Galarraga mwenyewe. Joyce akafuta machozi, akachezesha mechi. Mtu aliyepitia hayo angeweza kabisa, mwaka 2013, kwenye fainali, dunia nzima inatazama, kujifanya hakuona mguu wa Middlebrooks. Nani angemlaumu?

Nilimsimulia madam haya yote tumekaa kwenye benchi la muuza chipsi, maana alikuwa ameniambia hataki tena, aachie watu wao na softiboli yao. Alinisikiliza mpaka mwisho, akachukua kijiti cha meno. "Kaka yangu," akasema, "huyo Joyce alikuwa na wenzake uwanjani. Mimi niko peke yangu, na nalipwa soda na nauli."

Sikuwa na jibu, kwa sababu anasema kweli. Kesi hizi za njia mwamuzi mmoja haziwezi zote. Mpira uko kushoto, mkimbiaji yuko kulia, macho ni mawili lakini yanatazama upande mmoja. Ukiufuata mpira, mlinzi wa beisi ya kwanza anamweka mwenzake kiwiko, huoni. Ukimfuata mkimbiaji, huoni kama mpira umedakwa. Ile ya Jumamosi madam aliipata kwa sababu alihama mapema kutoka nyuma ya beisi akasogea pembeni, akawa anamwona mdakaji, mstari na mkimbiaji kwa pamoja. Waliosimama nyuma ya mdakaji, akiwemo yule wa jikoni, waliona mgongo tu.

Basi tukaenda kumtafuta mtu wa pili. Kuna mama mmoja Keko, alichezesha netiboli miaka mingi, sauti yake akiita mjukuu inasikika mpaka ng'ambo ya barabara. Madam alimwekea kitabu cha sheria mezani, akamweleza mambo ya mkono wa kushoto na ngumi. Yule mama akanyoosha mkono hapohapo jikoni kwake, mwiko ukiwa kwenye mkono wa pili, akauliza kama ndiyo hivyo. Ndiyo hivyo, shikamoo mama. Akauliza malipo. Madam akatazama chini, akasema soda na nauli.

"Soda gani?" akauliza yule mama.

Jumamosi hii anaanza, beisi ya kwanza na ya pili ni zake. Kocha wetu ameahidi kuja na kofia mpya. Tukutane wiki ijayo, tunarudi kwenye mapenzi, nina kisa cha mama mwenye nyumba na mpangaji wake ambacho hakisemeki.